Kosheri iko ndani ya sufuria: shajara ya mradi wa ramani ya vyakula, Lubumbashi

Juma la 1, Jumanne usiku

Nifungue shajara hii kwa kukiri kosa.

Juma lililopita kijana mmoja alifika Lubumbashi kutoka Ubelgiji, amekuja kutafuta kaburi la baba wa nyanya yake. Mchana njaa ikamshika, akafungua simu. Programu yake ya ramani inachota data OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayoandikwa na watu wa kujitolea kama sisi. Akachagua chakula cha kosheri, yaani kilichoruhusiwa na sheria ya Kiyahudi, na katika mji mzima ikamtokea alama moja tu. Akapanda pikipiki mpaka pale. Akakuta alimentasio, duka la vyakula, kama zile zote tunazozijua: mlangoni mashine ya kuku wa kuzunguka, ndani friji ya soseji za nguruwe, kando yake mikate. Hakugombana na mtu. Aliacha noti, yaani ujumbe, kwenye ramani, kwa Kifaransa cha upole, kwamba hapa hakuna kosheri yoyote, na angependa kujua aliyeandika hivyo aliangalia nini.

Nikafungua historia ya alama ile. Aliyeandika ni mimi.

Siku yenyewe naikumbuka. Ni kama miezi minane sasa. Tulikuwa tunapita duka kwa duka na StreetComplete, ile programu inayouliza maswali na wewe unabonyeza jibu: hapa kuna chakula kisicho na nyama? Kuna halali? Kuna kosheri? Jua lilikuwa kali, chupa ya maji imeisha. Nikamuuliza mwenye duka, "Patron, muko na bintu ya kosheri?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Byote biko, papa." Ningemuuliza kama ana barafu ya mlima Ruwenzori angeniambia imeisha asubuhi, nipite kesho. Nikabonyeza ndiyo, tukaendelea na duka la pili.

Lebo hiyo ya kosheri nimeifuta leo, kazi ya sekunde mbili. Ningeweza kuishia hapo. Lakini swali la yule kijana limenikaa kooni kama mwiba wa samaki: niliangalia nini?

Juma la 1, Jumatano

Tumekutana watu watano barazani kwangu, Kampemba. Umeme umekatika, kompyuta yenye chaji ni moja. Swali la kwanza likawa lile lile ninaloulizwa na kila mtu: kosheri Lubumbashi, ya nani?

Ni swali la haki, na jibu lake lina historia ndefu. Wayahudi wamekaa katika mji huu karibu tangu ulipoanzishwa mwaka 1910, ukiitwa Élisabethville. Wengi walitoka kisiwa cha Rhodes, kilichokuwa cha Waosmani mpaka Waitaliano walipokitwaa mwaka 1912. Nyumbani walisema Kihispania cha Kiyahudi, dukani Kifaransa na Kiswahili. Sinagogi lao bado limesimama mjini, limejengwa karibu na mwaka 1930. Rabi Moïse Levy alifika hapa mwaka 1937, akakaa miongo mingi. Ndugu zao waliobaki kule Rhodes walichukuliwa mwaka 1944 wakapelekwa Auschwitz, watu zaidi ya 1,600, na kwa familia nyingi mji huu wa shaba ukawa ndio kwao palipobaki. Halafu mwaka 1973 ikaja zaïrianisation, maduka na mashamba ya wageni yakagawiwa watu wengine, na wengi wakafunga mizigo kwenda Ubelgiji na Afrika Kusini.

Waliobaki ni wachache sana. Chabad, shirika la Kiyahudi linalohudumia Wayahudi wa Afrika ya Kati, wako Kinshasa tangu 1991, na Kinshasa kwetu ni safari ya ndege ya zaidi ya kilomita 1,500. Ila wajukuu wanarudi kutazama makaburi, na wafanyabiashara wa shaba na kobalti wanapita, na kati yao wapo wanaoshika sheria ya chakula.

"Kwa hiyo watu hao lebo moja sahihi ingewatosha," akasema dada mmoja wa kikundi chetu, ambaye kazi yake ni uhasibu na huwa hapotezi maneno. "Na hiyo moja ndiyo tuliyoikosea."

Juma la 1, Ijumaa

Nimekaa na data usiku kucha. Kwa asiyejua: OpenStreetMap ilianza Uingereza mwaka 2004, na kila kitu kwenye ramani hiyo ni nukta, mstari au eneo lililobandikwa lebo. Lebo ina sehemu mbili, ufunguo na thamani. Hakuna anayekuzuia kubuni ufunguo wako. Ndiyo raha yake, na ndiyo maana mtu mmoja akiandika hivi na mwingine vile, programu haijui kama wanasema kitu kimoja au viwili.

Kwa upande wa chakula, desturi iliyokubalika ni diet:kosher, na thamani zake kuu ni tatu: yes, yaani kipo, only, yaani hakuna kingine, no, yaani hakipo. Lakini kuna wanaoandika cuisine=kosher. Hapo ndipo fujo inapoingia, kwa sababu ufunguo wa cuisine unataja aina ya mapishi: Kihindi, Kilebanoni, piza. Kosheri si mapishi. Bukari, yaani ugali, na mboga ya lengalenga vinaweza kuwa kosheri kabisa, mradi majani yamekaguliwa moja moja yasiwe na wadudu na chombo ni chombo kilichoruhusiwa. Na pasteli za Wayahudi wa Rhodes zikipikwa katika jikoni la hoteli ya kawaida si kosheri, hata kama aliyezipika alifundishwa na nyanya yake mwenyewe.

Nikaandika kwenye daftari: hilo la cuisine ni rahisi. Nikalala nikidhani nusu ya kazi imekwisha.

Juma la 2, Jumatatu

Leo ndiyo siku ya maana, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, kuna mama anayepika mchana. Nakula kwake tangu nikiwa mwanafunzi. Nikaona badala ya kusoma kurasa nyingine kumi, nichukue sheria nizipeleke mbele ya chungu halisi nione zinavunjikia wapi. Nikamweleza. Akasema sawa, lakini nisizuie wateja.

Tukaanza na samaki. Sheria imo katika Mambo ya Walawi 11 na Kumbukumbu la Torati 14, na mama anazijua sura hizo kuliko mimi: cha majini kiwe na mapezi na magamba. Tilapia akapita. Kambare akaanguka, maana ngozi yake ni tupu. Finkubala, wale viwavi wakavu ambao mimi huwafuata mpaka kwenye foleni, wakaanguka hata kabla sijamaliza kusoma mstari. Mama akacheka: "Basi miye nitauza nini?" Nguruwe hapiki. Mbuzi ana ukwato uliopasuka na anacheua, kwa hiyo mnyama mwenyewe hana neno. Neno liko kwa mchinjaji: lazima awe mtu aliyefundishwa kwa kazi hiyo, kisu kisiwe na pengo hata la kuhisiwa kwa ukucha, mapafu yakaguliwe, mshipa mkubwa wa paja uondolewe, kisha nyama ilowekwe na kutiwa chumvi ili damu itoke. Mbuzi wa mama alichinjwa Ruashi alfajiri na mtu ambaye mama hamjui.

Mpaka hapo bado nilikuwa nafikiri kama mtu wa ramani. Nilikuwa nahesabu vyakula: hiki ndiyo, hiki hapana, sahani mbili kati ya sita, tuandike yes. Halafu nikauliza habari ya maziwa. Torati inasema mara tatu usimtokose mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake, na kutoka mstari huo marabi wamejenga ukuta mzima: nyama na maziwa havipikwi pamoja, haviliwi pamoja, na vyombo vyake havichanganywi.

"Asubuhi unachemsha maziwa?"

"Ya chai. Ba taxi wanakuya saa kumi na mbili."

"Katika sufuria gani?"

Akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. "Papa, sufuria ni moja."

Akaiinua nione. Sufuria kubwa ya alumini, kitako cheusi, mkono mmoja umekatika ukafungwa kwa waya wa umeme. Alfajiri ni ya maziwa. Saa nne inasuguliwa kwa majivu na sabuni, inang'aa ndani kama kioo, inawekewa mbuzi. Ni safi kuliko masufuria yangu yote nyumbani. Na kwa sheria ya kosheri, hakuna kinachopikwa ndani yake kitakachokuwa kosheri: tilapia mwenye magamba yake yote, wala lengalenga, hata ukikagua kila jani.

Hapo nikaelewa kosa langu lilikuwa kubwa kuliko kumwamini muuza duka. Zile thamani tatu, yes, only na no, zinakaa vizuri kwa chakula kisicho na nyama. Mtu asiyekula nyama anaweza kuingia popote, akauliza kuna sahani gani, akala maharage yake kando ya anayekula mbuzi. Anauliza habari ya sahani. Anayeshika kosheri anauliza habari ya sufuria, ya kisu, ya moto, na ya mtu anayesimama pale kuviangalia. Jikoni lenye sufuria moja haliwezi kuwa nusu kosheri. Kwa hiyo yes, ile niliyobonyeza mimi, karibu haina mahali pa kuishi. Labda hoteli inayoweka vyakula vilivyopikwa kwingine, vimefungwa mara mbili, vinapashwa moto bila kufunguliwa. Kama vile vya ndege.

"Sasa hao bantu banakula wapi?" mama akauliza, akipakua.

"Kwao, nyumbani."

"Beko na akili."

Nimekula finkubala, nimelipa, nimerudi kuandika.

Juma la 2, Jumamosi

Hakuna kazi. Mama mkubwa, ambaye nilitaka awe mkaguzi wetu, ni Msabato na leo hagusi simu. Yeye hali nguruwe, hali kambare, hali finkubala, kwa sura ile ile ya Walawi. Lakini chai ya maziwa baada ya nyama ya ng'ombe anakunywa bila wasiwasi, na nyama ananunua kwa bushe, muuza nyama, yeyote. Mwenzetu mmoja ni Mkimbangu, muumini wa kanisa la Simon Kimbangu, naye nguruwe hagusi. Jirani yetu Mwislamu anataka halali. Watu hao wote wakikaa meza moja mgahawani, mwenye mgahawa atasema "sisi hatupiki nguruwe" na kudhani amewajibu wote.

Juma la 3, Jumatano

Alimentasio za mjini. Tumeomba ruhusa ya kugeuza makopo, na wafanyakazi wametuvumilia.

Kopo la kwanza la samaki lilikuwa na alama ndogo kama kichwa cha msumari: herufi U ndani ya duara. Ni alama ya Orthodox Union ya New York, shirika la Kiyahudi linalotoa vibali vya kosheri, waliyoanza kuitoa miaka ya 1920. Kijana wa kaunta ameuza makopo hayo miaka mitatu na hakuwahi kuiona. Baada ya hapo akawa yeye ndiye anayetafuta, anatuita: "Ingine hii! Ingine hii!" Biskuti zikatoka na U na kando yake D, yaani mna maziwa. Pakiti nyingine ilikuwa na P. Dada yetu mhasibu akaandika haraka "P = parve", yaani kisicho nyama wala maziwa, na kwa kweli ndivyo mtu yeyote angekisia. Sivyo. P ni ya Pasaka ya Kiyahudi, kwamba kitu hicho hakina chachu na kinafaa kwa siku zile. Nilimwonyesha, akachora mstari mara mbili na kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechagua herufi.

Kuna pia K peke yake. Hiyo haina mwenyewe. Hakuna shirika la vibali linaloimiliki herufi tupu, kwa hiyo K inaweza kuwa imewekwa na rabi anayejulikana au na kiwanda chenyewe.

Sasa, duka lenye makopo hayo tuliandike nini? Tumebishana mpaka kijana wa kaunta akaingilia: makopo yakiisha Jumatatu, ramani itajua? Amemaliza ubishi. Kopo si mahali. Kopo lina mahali pake: kuna hazina huria ya bidhaa iitwayo Open Food Facts, ilianzishwa Ufaransa mwaka 2012, unapiga picha ya kifungashio na msimbopau na alama zake. Tumepiga picha makopo manane, tukatuma matano kabla mega za intaneti hazijaisha. Kwenye ramani duka limebaki duka.

Juma la 3, Ijumaa

Aibu nyingine, hii haikutokea ila ilikaribia.

Usiku umeme ulirudi, intaneti ilikuwa nzuri kwa maajabu, nikapakua kwenye JOSM, programu ya kuhariri ramani, sehemu zenye cuisine=kosher. Sikuishia Lubumbashi, nilichukua dunia nzima. Nikazichagua zote kwa pamoja, nikageuza kuwa diet:kosher=only. Nikawa natazama kitufe cha kupakia. Nilijisikia mtu wa maana sana.

Nikampigia mhasibu nimweleze. Akanyamaza kidogo. "Weye ulimudanganya muntu mumoja wa Lubumbashi. Sasa unataka kudanganya ba Antwerp na ba Buenos Aires siku moja?"

Ana haki. Mageuzi ya jumla ya namna hiyo yana kanuni yake katika mradi: unajadili kwanza na wahusika, unaandika mpango, watu wanaukubali au wanaukataa. Na kanuni hiyo ina sababu. Aliyeandika cuisine=kosher huenda alimaanisha mgahawa wenye kibali, huenda alimaanisha chakula cha Kiyahudi tu, huenda mgahawa umeshafungwa. Mimi niko Kampemba, nitajuaje? Nimefunga bila kupakia. Vilevile wazo la kunakili orodha za migahawa kutoka tovuti fulani tumelitupa. Data ya OpenStreetMap iko chini ya leseni ya ODbL, na kilicho mali ya mwingine hatuwezi kukimwaga ndani kwa sababu tu kinaonekana kwenye kioo.

Juma la 4, Jumanne

Rasimu yetu ya namna ya kuandika kosheri kwenye ramani imeanza kukaa. Wiki ya mradi, yaani tovuti yake ya maelekezo, ina utaratibu wa mapendekezo: unaandika rasimu, watu wanatoa maoni kwa majuma mawili angalau, kisha kura kwa majuma mawili mengine. Hatujafika huko, na sijui kama sisi wa mji usio na mgahawa hata mmoja wa kosheri ndio tunaostahili kupeleka pendekezo. Mhasibu anasema ndiyo maana tunastahili, hatuna biashara ya kutetea.

Kiini cha rasimu ni kwamba ramani haitoi kibali. Haiwezi kusema chakula hiki ni kosheri. Inaweza kusema ukutani kuna karatasi, imetolewa na fulani, inaisha tarehe fulani, na mimi niliiona siku fulani. Hayo mtu mwingine akienda na macho yake atayakuta au atayakosa. Kwa hiyo diet:kosher=only inaandikwa tu kibali kikionekana. Chini yake tumependekeza funguo ndogo mbili, moja ya jina la aliyetoa kibali, nyingine ya kusema jikoni ni la nyama, la maziwa au la parve. Tarehe ya kuona ina ufunguo wake tayari, check_date, tunauazima.

Jina la aliyetoa kibali ndilo lenye uzito. Wayahudi wenyewe hawakubali vibali vyote sawasawa. Mmoja anataka nyama ya glatt, ambayo mapafu yake hayana hata kovu la kutiliwa shaka. Mwingine anataka maziwa yaliyokamuliwa mbele ya Myahudi. Mwingine anamwamini rabi wa mji huu na hamwamini wa mji ule. Tukianza kutunga ufunguo kwa kila sharti tutamaliza alfabeti. Jina la mamlaka linatosha: anayeshika sheria akiliona anajua mengine yote, kama vile mtu wa hapa akisikia nyama imetoka kwa bushe gani hahitaji maelezo zaidi.

Tulijaribu kwanza kuyaandika yote katika ufunguo mmoja wa maelezo. Thamani ya lebo mwisho wake ni herufi 255. Sentensi yetu ya majaribio ilikatwa katikati ya neno "maziwa".

Juma la 4, Alhamisi

Saa za kufungua. Jikoni lenye msimamizi hufungwa Sabato, kuanzia Ijumaa jua kabla halijazama mpaka Jumamosi usiku. Hapa kwetu jua halina vituko, kati ya Juni na Januari tofauti ya kuzama ni kama saa moja, ungeweza kuandika saa ya kudumu na usimwumize mtu. Antwerp, ambako Wayahudi wanaoshika sheria ni wengi, Juni jua linazama karibu na saa nne usiku na Desemba halifiki hata saa kumi na moja jioni. Saa ya kudumu ni uongo nusu ya mwaka. Nimefurahi kukuta ufunguo wa saa unakubali kutaja kuzama kwa jua kwenyewe: Fr 10:00-(sunset-02:00), yaani Ijumaa wanafunga saa mbili kabla. Kuna mtu aliwahi kukaa akalifikiria hili kabla yetu. Mungu amlipe.

Juma la 5, Jumatatu

Fupi, lakini tumelikubali wote bila kubishana: jina la msimamizi wa jikoni haliandikwi, hata kama liko kwenye karatasi ukutani. Nyumba ya mtu anayepokea wageni kwa chakula cha Sabato haiandikwi. Sinagogi liko kwenye ramani tayari, ni jengo ambalo kila mpita njia analiona, hilo linatosha. Nani anaingia na saa ngapi, si kazi yetu.

Juma la 5, Jumamosi (jioni, baada ya jua kuzama, mama mkubwa yupo)

Kwa kuwa kibali cha kosheri hapa hakipo cha kujifunzia, tumejaribu rasimu kwenye halali. Bushe mmoja wa mjini. Nikamuuliza kama nilivyomuuliza yule patron wa kwanza, makusudi, nione. Huyu akaacha kisu.

"Haina kusema tu, papa. Iko karatasi."

Ipo kweli, ndani ya fremu, juu ya mizani, na muhuri wa zambarau. Mhasibu akaisogelea, akasoma chini kabisa. Tarehe ilipita mwaka jana. Kimya. Bushe akasoma naye, midomo ikitembea, kisha akamwita mwanawe kwa sauti ambayo sitaki kuitwa nayo. Mtoto akafungua droo ya chini ya visu, akatoa bahasha, ndani karatasi mpya, tarehe nzuri, na alama ya kidole cha damu pembeni. Ilikuwa imekaa humo tangu ilipoletwa kwa sababu fremu ina skrubu nne na bisibisi imeazimwa.

Tumeandika halali, tumeandika tarehe ya leo. Mama mkubwa amenunua nusu kilo. Bushe ameniomba nimwambie siku ramani itakapokumbusha, ili asitegemee mtoto.

Juma la 6, Jumatano

Kijana wa Ubelgiji amejibu noti. Nilikuwa nimemwandikia kila kitu, mpaka "byote biko". Amecheka, nadhani, ameandika mistari miwili ya vicheko. Kaburi alilipata. Kula, alikula maembe, maparachichi na makopo aliyobeba kutoka kwao, siku tatu. Tunda zima halihitaji kibali cha mtu, likitoka mtini ni kosheri hata kwenye toroli ya barabarani. Sisi tulikuwa tumeyapita matoroli hayo majuma sita tukitafuta kosheri kwenye friji.

Ameuliza swali moja: sasa Lubumbashi mtaandika nini, wakati hakuna? Tuache tupu au tuandike no? Wawili wetu wanasema tupu, kwa nini ubandike hapana kila mlango. Mimi nasema tupu maana yake hakuna aliyeuliza, na programu itamuuliza mpita njia mwingine, naye atakutana na patron mwingine. Tumepatana hivi: pale tulipouliza na kuona jikoni, tunaandika no na tarehe. Kwingine hatugusi.

Juma la 6, Alhamisi

Nimerudi Kenya kwa mama. Hakuwa kwenye ramani kabisa, miaka yote hiyo. Tumemweka: jina, saa za kufungua kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, malipo kwa simu yanakubaliwa, diet:kosher=no. Nikamsomea. Akataka kujua hiyo no inasema nini kwa watu, isije ikasema kwake ni kuchafu.

Nikamwambia kuna mahali pa maelezo, anaweza kusema mwenyewe. Akafikiri huku akisugua kwa majivu, waya wa ule mkono ukigonga alumini.

"Andika: Sufuria ni moja."

Nimeandika. Zimebaki herufi 239.